Watoto Si Vyombo vya Kugawana

Msomaji, kama kwenu ni Bukoba au Muleba, kikao cha ukoo baada ya msiba unakijua. Kahawa inazunguka, wazee wanakohoa, kisha linatua swali: watoto wanakwenda kwa nani? Mkoa wetu umelizoea. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na tangu hapo ndugu wengi wamekua mbalimbali, mmoja kwa shangazi, mwingine kwa bibi.

Kwetu lilitua Muleba, alipofariki binamu yangu na kuacha wavulana wawili, mmoja wa miaka 10, mwingine 7. Wazee wakapendekeza mkubwa aende kwa mjomba wake Bukoba mjini, mdogo aje kwetu Mwanza. Mimi nikaanza kupiga hesabu ya godoro. Mume wangu akawa kimya.

Huyu bwana ni shabiki wa kutupwa wa Tottenham. Usiku ule, badala ya kulala, akanisimulia habari za Walter Tull.

Tull alizaliwa Folkestone, Uingereza, mwaka 1888. Baba yake alikuwa seremala kutoka Barbados, mama Mwingereza. Alipofika miaka 9 wote wawili walikuwa wameshafariki. Yeye na kaka yake Edward wakapelekwa kituo cha yatima London. Mwaka 1900 familia moja ya Glasgow ikamchukua Edward, Walter akabaki.

Edward akaja kuwa daktari wa meno. Walter akasajiliwa Tottenham mwaka 1909, miongoni mwa wachezaji weusi wa kwanza wa kulipwa Uingereza. Kule Bristol mashabiki wakamtukana kwa rangi yake. Mwaka 1911 akahamia Northampton, akacheza mechi zaidi ya 100.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, akajiunga na kikosi cha wanasoka, Desemba 1914. Ndiyo vita ileile iliyowaleta Waingereza kwa meli hadi Bukoba, Juni 1915, kuwapiga Wajerumani. Mwaka 1917 Tull akapewa uofisa, ingawa kanuni za jeshi hazikutaka mtu mweusi aamrishe wazungu. Machi 25, 1918 akauawa Ufaransa, akiwa na miaka 29. Mwili wake haukupatikana.

"Lakini hawakuachana," mume wangu akasema. "Walter alikuwa anapanda mpaka Glasgow kumwona kaka yake. Wale walijitahidi wenyewe. Hawa wetu, nauli ya Mwanza nani atawapa?"

"Nyumba yetu ina vyumba viwili," nikamjibu. "Mshahara wenyewe unaujua."

Tukabishana mpaka jogoo wakawika. Asubuhi tukarudi kwa wazee: watoto wakae wote kwa mjomba, ada za wote wawili tulipe sisi, likizo waje kwetu. Mzee mmoja akauliza kwa nini tunamkataa mtoto. Swali likanichoma. Mume wangu akajibu taratibu, "Hatumkatai, mzee. Tunakataa kumtoa kwa kaka yake."

Januari ikifika, ada inatubana kweli, na mambo mengine yanasubiri. Ila wale vijana wanalala chumba kimoja na kugombania blanketi usiku kucha.

Ninyi mnaopanga harusi, ukumbi na keki vitapatikana tu. Hili la watoto wa ndugu liongeeni mapema, maana msiba haupigi hodi.