Njia ya Ndola, kwa Mutu Anayependa Ndeke

Kama na wewe ni mutu wa kuacha bukari mezani na kutoka inje mbio kila mara ndeke inapopita, basi sisi ni ndugu. Mimi nilianza nikiwa mutoto kule Likasi. Tulikuwa tunatengeneza ndeke kwa nyaya na mikebe ya maziwa. Yangu ilikuwa na mukia wa V, ju kaka yangu alikuwa amenionyesha picha ya Fouga Magister. Nkambo, mama ya mama yangu, alipoiona aliikamata, akaitupa.

"Ile haiingie mu nyumba yangu!"

Kumbe mwezi wa Septemba 1961, wakati Likasi ilipoitwa Jadotville, Fouga ilikuja kupiga waaskari wa Irlandi wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wamezungukwa pale. Nkambo alilala chini ya kitanda na mama yangu kifuani. Alituambia kwamba alijua muluzi wake mbele haijatokea.

Neno la kushangaza ni hili: Fouga ilikuwa ndeke ya shule. Wafaransa waliirusha mara ya kwanza mwaka 1952 kwa kufundisha mapiloti: viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, moteri mbili ndogo, na mukia ule niliopenda. Serikali ya Tshombe ilipata tatu mwaka 1961. Ilipofika Septemba, moja tu njo ilikuwa ikiruka vitani. Lakini Umoja wa Mataifa haukuwa hata na ndeke moja ya kupigana hapa Kongo, na ile moja ya shule ikaogopesha anga lote la Katanga.

Ju yake Dag Hammarskjöld, Katibu Mukuu wa Umoja wa Mataifa, alisafiri usiku. Tarehe 17 Septemba alitoka Léopoldville, ndio Kinshasa ya leo, kwenda Ndola kusemezana na Tshombe. Ndeke yake, DC-6B ya moteri ine, iliitwa Albertina. Haikupita juu ya Katanga. Ilizunguka mashariki mupaka Ziwa Tanganyika, kisha ikashuka kusini. Saa sita ya usiku ilipopita kidogo, piloti aliambia watu wa uwanja kwamba anaona taa zao. Hawakumusikia tena. Walikuwa watu 16. Harold Julien peke yake alikutwa muzima, naye akafa kisha siku chache.

Mwaka jana nikaenda kuona. Ukitoka Lubumbashi, beba mukate na mayi ya kutosha, ju Kasumbalesa utakawia kati ya malori ya shaba. Kisha ni Chililabombwe, Chingola, Kitwe: utafikiri hujatoka kwetu. Mbele ya kufika Ndola unaacha barabara kubwa na kuingia mu pori. Ndeke nzima usiitafute. Kuna mawe yaliyojengwa pahali ilipoanguka, miti imezunguka, na nyumba ndogo ya ukumbusho yenye picha. Kimya kabisa.

Usiku ule pori hili halikuwa tupu. Wachoma makala walikuwa wakilinda matanuru yao. Wengine walisema waliona ndeke mbili, ile kubwa na ingine ndogo. Wengine walisema waliona moto angani mbele kubwa haijaanguka. Wakubwa wa Rhodesia hawakupokea maneno yao. Mwaka 1962 waliandika kwamba ni kosa la piloti, alishuka chini mno. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka uleule, haikuweza kukata neno.

Wale wachoma makala wakazeeka. Mwaka 2011 Susan Williams alitoa kitabu juu ya kifo kile, na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukafungua mambo tena. Kazi ilipewa Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mukuu wa Tanzania. Mwaka 2017 aliandika kwamba inaonekana inawezekana shambulio, ao tisho kutoka inje, lilikuwa sababu moja.

Mimi mupenzi wa Fouga sikubali upesi kwamba ni yenyewe. Mafuta yake ni kidogo, Kolwezi ni mbali, na kutafuta ndeke ingine gizani bila rada si muchezo. (Unaona? Ningali ninaitetea. Nkambo angenikemea.) Lakini mutu anayekaa kando ya tanuru usiku muzima, musiniambie hawezi kutofautisha ndeke moja na mbili.

Nikarudi barabarani. Mwanaume mumoja alikuwa anauzisha makala, ameinama anafunga gunia kwa kamba. Tangu 2021 uwanja mupya wa Ndola uko upande ule, na ndeke ikaanza kushuka nyuma ya miti. Mimi, kama kawaida, shingo juu. Yeye hakuinua kichwa.

"Ile ya Johannesburg," akaniambia kwa Kibemba. "Leo imechelewa."