Nilivyokufa Mara 23 Juu ya Paa la Kanisa

Niseme mapema ili asiyekubali ageuze ukurasa: Skyrim haistahili sifa zote mnazoipa. Sisemi kwa chuki. Nimeicheza kwa saa nyingi kuliko nilizokaa maktaba mwaka wa kwanza. Ilitoka 2011, wakati huo mimi niko shule ya msingi najifunza kuandika barua ya kirafiki. Nikaja kuikuta chuoni kwenye laptopu ya mwenzangu wa chumbani, laptopu ambayo feni yake ililia kama mashine ya kusaga. Wiki ya kwanza nilipagawa. Milima, theluji, dragoni anatua kijijini huku wewe unanunua kabichi.

Mfumo wake kwenye karatasi ni mzuri sana. Unachokitumia ndicho kinachokua. Ukipiga sana upanga, upanga unapanda. Ukinyatia, kunyatia kunapanda. Vyote kwa pamoja vinakupandisha levo. Sasa mimi Mbongo, nikatafuta upenyo. Nikawa nakaa mjini nafua visu vya chuma, baadaye pete za dhahabu, nauza, nanunua madini, nafua tena. Saa nane za usiku wenzangu wamelala, mimi nafua. Levo zinapanda, muziki unalia, najiona mtu wa maana. Nikafika levo ya 30 na kitu nikiwa mhunzi wa kutisha ambaye hajui kukinga pigo hata moja. Nisichokijua ni kwamba adui wengi wa gemu hii hupanda kadiri wewe unavyopanda. Nilipoingia kaburini kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, zile maiti zinazoamka, Draugr, zilinigonga hadi nikafunga laptopu.

Semesta hiyohiyo nilipata sapu ya somo ambalo notisi zake nilikuwa nimezinakili kwa wino wa rangi tatu.

Ndiyo maana mtu akinisifia gemu ya RPG kwa kuniambia ina levo mia na silaha elfu, huwa nauliza swali moja tu: ukikosea, inakufanya nini? Inakufundisha, inakudanganya, au inakubeba mgongoni? Mengine yote, picha nzuri, nywele zinazopepea, hayo ni mapambo.

Shule yangu ya kwanza ya jambo hili ilikuwa kibanda cha gemu mtaani kwetu. PS2 mbili, televisheni za mgongo mrefu, benchi la mbao, na shilingi 200 unacheza mpaka mwenye kibanda akuguse bega. Hapakuwa na memori kadi. Maana yake San Andreas tulikuwa tunaianza upya kila siku ya Mungu. CJ anarudi nyumbani, mama yake amefariki, anapanda baiskeli, basi. Ile misheni ya kufukuza treni kwa pikipiki, mtaa mzima ilitushinda kwa miezi. Kiingereza hatukijui, maelezo chini ya skrini yanapita, sisi tunaibana pikipiki ubavuni mwa treni tukiamini ukaribu ndiyo ushujaa. Aliyetuokoa ni dogo mmoja wa darasa la nne, kwa bahati tu. Alikaa mbali na treni kwa sababu anaogopa kuigonga, na yule mnene aliyempakia nyuma akapata nafasi ya kulenga. Kibanda kizima kilipiga kelele. Kesho yake kila mtu aliivuka. Mpaka leo naamini San Andreas, ambayo hakuna anayeiita RPG, ilikuwa RPG kuliko nyingi zinazojiita hivyo. Ukila sana CJ ananenepa, ukienda gym anajaa, na kuna mahali hauendelei mpaka ujifunze kurusha ndege, wewe mwenyewe, kwa vidole vyako. Haiuzi rubani wa kukusaidia.

Dark Souls niliipata mwaka wa pili, kwenye flashi, kutoka kwa jamaa wa uhandisi aliyenikabidhi kama anayenipa dawa chungu. Akaniambia, "Kaka, usikate tamaa kwenye kengele." Gemu inakuanzisha gerezani na kipande cha upanga uliovunjika. Unafungua mlango mkubwa, jitu linadondoka kutoka juu. Nikapigana nalo. Nikafa. Nikapigana tena. Nikafa. Ilinichukua muda kuona kwamba pembeni kuna mlango mdogo uko wazi. Ulitakiwa ukimbie, upate silaha ya maana, kisha urudi ulirukie kutoka juu. Hakuna mshale unaoonyesha, hakuna sauti inayokuambia. Mlango upo, macho unayo.

Wanaosema gemu hii ni ya mateso hawajaicheza vizuri. Ukifa, roho ulizokusanya zinabaki pale ulipofia. Unapewa nafasi moja ya kuzifuata. Ukifa tena njiani, zimekwenda. Kwa hiyo hauogopi kufa, unaogopa kufa kizembe mara mbili mfululizo, na hilo ni jambo tofauti kabisa. Pale juu ya paa la kanisa, kwenye kengele, kuna sanamu la jiwe lenye mabawa linalotema moto. Ukilipiga likafika kama nusu ya uhai wake, la pili linaingia. Nilikufa mara 23. Nilikuwa nachora mistari nyuma ya daftari. Kufikia kama ya 15 niliacha kukasirika na kuanza kuangalia: likiinua shoka hivi, ruka kushoto, likivuta pumzi, kimbia nyuma yake. Mara ya 24 nililiua la kwanza kabla la pili halijakaa sawa. Levo yangu ilikuwa ileile. Mimi ndiye niliyebadilika.

Nisiwapake mafuta pia. Gemu hii ina sehemu za hovyo. Nusu ya mwisho inaonekana kama waliishiwa muda, na kuna kinamasi cha sumu ambacho mtu aliyekibuni angepelekwa kamati ya nidhamu. Na Elden Ring ya 2022, kaka yake mkubwa, imelegeza jambo moja ambalo mimi nalipenda: bosi akikushinda unamwacha, unakwenda kuzurura upande mwingine, unarudi ukiwa na nguvu. Ni kama kukari somo, ila hapa hakuna anayekucheka.

The Witcher 3 ndiyo itakayoniletea ugomvi. Mapigano yake hayana ladha, ni kujizungusha kama pia, na kazi nyingi ni kufuata alama nyekundu chini mpaka zikufikishe. Lakini kisa cha yule Baroni mlevi anayetafuta mke na binti yake ni sehemu bora kuliko gemu nzima za wengine. Unampangia hukumu rohoni, halafu unagundua alichomfanyia mke wake, halafu unamwona akibeba kichanga kilichokufa, na haujui umchukie kiasi gani. Uamuzi unaoufanya kwenye mti mmoja msituni unakuja kudai malipo saa kadhaa baadaye, wakati kusevu kwako kwa zamani hakukusaidii kitu. Nilipoona matokeo ya kwangu nilitoka nje kununua maji, na kiu sikuwa nayo.

Sasa God of War. Hii sikuicheza chuoni, laptopu ingelipuka. Niliicheza Tabata kwa mama mdogo, ambako kaka yangu, mtoto wake, alinunua PS5 kwa pesa zake za kuuza simu Kariakoo. Ile ya 2018 sina neno nayo: shoka unalirusha, linaganda kwenye adui, unaliita linarudi mkononi na pedi inatetemeka. Ungenipa tu lile shoka na ukuta ningecheza mchana kutwa. Lakini Ragnarök, ya 2022, ina ugonjwa. Kila unapofika kwenye fumbo, kabla haujazungusha hata kamera, mtu anakupa jibu. Mwanao anakuambia. Asipokuambia yeye, kuna Mimir, kichwa kilichokatwa kinachoning'inia kiunoni mwako, nacho kina ushauri. Siku moja nilikuwa nimesimama tu naangalia maporomoko ya maji, kichwa kikaanza kunielekeza. Nilikitukana kwa sauti. Kaka akasema, "Dogo, anakusaidia." Nikamjibu sijaomba msaada.

Wiki mbili baadaye nikaenda TP.

Nilipangiwa shule moja ya kata, Kidato cha Pili, Hisabati. Nilijiandaa vizuri, andalio la somo limenyooka, suruali imenyooka. Wiki ya kwanza niliona nafanya maajabu, darasa limetulia, namaliza kipindi kwa wakati. Ijumaa madamu aliyekuwa mwenyeji wangu akakaa nyuma na daftari. Kengele ilipolia akaniita chini ya mwembe. "Mwalimu, leo umeuliza maswali kumi na tisa. Kumi na sita umeyajibu mwenyewe."

Nikamwambia watoto hawajibu. Akasema, "Unawapa sekunde ngapi?"

Nilikaa kimya, na wazo la kwanza lililonijia kichwani, naona aibu kuliandika, lilikuwa Mimir. Mimi ndiye kichwa kile. Ninaning'inia mbele ya darasa la watoto 71, nauliza kwa Kiingereza, nahesabu moja, mbili, naogopa kile kimya, nalipua jibu. Wao wanaandika jibu langu kwa mwandiko mzuri. Wanafua visu. Mtihani wa taifa ukija Novemba wataingia kaburini na levo 30 za notisi.

Jumatatu niliandika swali ubaoni, la mteremko wa mstari, nikanyamaza. Ukitaka kujua urefu wa dakika moja, simama mbele ya watoto wasiokujibu. Mwishowe binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Ticha, naweza kwa Kiswahili?" Sheria ya shule haikuruhusu. Nikamwambia njoo. Alikuja akakosea, akasimama anaangalia alichoandika, akafuta kwa kiganja, akakosea kwa namna nyingine. Mvulana wa mbele akanyosha mkono kusema jibu na nikamzuia. Mara ya tatu akapata. Hakushangilia, alirudi kukaa akijifuta chaki kwenye sketi.

Sitawadanganya kwamba darasa likageuka. Kwa mwendo ule nilibaki nyuma ya ratiba mada moja na nusu, na madamu alinieleza bila kuzunguka kwamba nikiondoka ni yeye atakayezikimbiza. Ana haki. Dark Souls haina muhtasari wa kumaliza kabla ya Novemba. Sijapata jibu la hili, na nimebakiza mwaka mmoja niwe mwalimu kweli.

Niliporudi Tabata baada ya TP, kaka alikuwa na gemu mpya, Tales of Kenzera: Zau, ya 2024. Imetengenezwa na Surgent Studios ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyetoa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Aliianzisha kwa sababu ya kumpoteza baba yake. Mganga kijana, Zau, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: akimletea roho tatu kubwa, arudishiwe Baba. Unavaa kinyago cha jua kupiga kwa karibu na cha mwezi kupiga kwa mbali. Kama gemu tu, ningeipa alama za wastani. Aina za adui ni chache, na kuna sehemu za kukimbizwa ambako kosa dogo linakurudisha nyuma bila kukufundisha chochote, linakukera tu. Ila mazungumzo unaweza kuyaweka kwa Kiswahili. Tuliyaweka.

Hapo ndipo mama mdogo aliposikia. Alikuwa chini kwenye mkeka anachambua mchele, na miaka yote hii hajawahi kugeuza kichwa gemu ikiwaka, zaidi ya kusema tupunguze sauti. Baba mdogo alifariki mwaka jana mwezi wa nne. Zau alikuwa amekaa chini ya mbuyu anaongea na Kalunga habari za baba yake, na mikono ya mama mdogo ikasimama juu ya ungo.

"Huyo mtoto anamtaka nani?"

"Baba yake," kaka akasema, macho yako kwenye skrini.

"Kwani yuko wapi?"

"Amefariki, mama."

Akachambua kidogo, akatoa jiwe moja, akaliweka pembeni. "Kwa hiyo akiwamaliza hao watatu, atapewa?"

Mimi nilikuwa nimeshasoma mahali gemu inaishia vipi. Kaka hakuwa anajua. Pedi ilikuwa mkononi kwangu, na wote wawili walikuwa wananiangalia.

Nikasema, "Ndivyo walivyopatana, mama."

"Haya," akasema, akavuta mkeka karibu na televisheni. "Cheza tuone."