Kutoka Ndimu za Jua Hadi Mayai ya Siki

Achari ya nyanya yangu ilikuwa ndimu, chumvi, pilipili na jua, basi. Hakuitia siki wala hakuipika motoni. Alichagua ndimu za ngozi nyembamba zilizoanza kugeuka manjano, akaziosha na kuzipangusa moja moja, halafu akazipasua mara nne bila kuziachanisha chini. Kila mpasuko aliushindilia chumvi ya mawe, ile inayotoka mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi. Zikaingia kwenye chupa ya mdomo mpana pamoja na pilipili nzima na vipande vya tangawizi, mdomo ukafungwa kwa kitambaa chepesi. Kila asubuhi chupa ilipandishwa juu ya bati la jiko, na kabla ya adhana ya magharibi ikateremshwa.

Siku za mwanzo chumvi huvuta maji ya ndimu mpaka zikaogelea katika mchuzi wao wenyewe. Baadaye ngozi huacha ugumu, rangi hukoza kuwa kahawia, na ule uchungu wa ganda hupungua, ukabaki ukali wenye harufu nzuri. Hakuna anayeweza kuliharakisha jambo hilo. Masharti yalikuwa machache lakini hayakuwa na mjadala: mkono mkavu, kijiko kikavu, na ndimu zote zizame. Tone moja la maji ya bomba lilitosha kuotesha ukungu, na sisi watoto tulikatazwa hata kufungua kitambaa kuchungulia.

Kazi hii ni ya kale katika pwani yetu. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli, na kando yake akawekewa ndimu na pilipili manga za kuhifadhiwa kwa chumvi na siki, tangawizi mbichi na maembe. Akaandika kwamba wenyeji wakila tonge la wali hufuatisha kitu katika hivyo. Kila nikikumbuka habari hiyo nafurahi sana, kwa sababu ndivyo tulivyokula sisi Mombasa, tonge na kipande, tonge na kipande, na bila achari wali ulionekana haujakamilika.

Mabadiliko yaliingia kupitia nyumba. Tulipohamia fleti, bati la jiko halikuwepo tena. Kulikuwa na kibaraza chembamba kinachopata jua la jioni tu, na mbele yake jengo jingine refu. Mamangu akahamia kwenye siki. Embe mbichi, karoti, vitunguu saumu na pilipili alivichemsha kidogo ndani ya siki yenye bizari ya manjano na haradali, na wakati wa chakula cha usiku tukaila achari hiyo. Ilikuwa tamu, sina ubishi. Lakini ile ladha ya ndani, inayokuja kwa kungoja, haikuwamo. Kisha zikaja chupa za dukani zenye mafuta mengi, na leo ukiwatajia watoto achari, wengi wanafikiria vile vipande vya embe vyekundu vya sukari na pilipili vinavyouzwa karibu na shule.

Wazo la mayai lililetwa na mtoto wa kaka yangu. Mombasa tunajua yai la kuchemsha linalopasuliwa njiani na kujazwa kachumbari, naye akauliza: “Shangazi, kwa nini tusiyatie kwenye siki yakae?” Nilimkubalia, ila si kwa njia ya nyanya yangu. Ndimu ina ukali wake yenyewe, ukali ambao bakteria wa botulini hawawezi kukua ndani yake. Yai halina. Mwaka 1997 huko Illinois, Marekani, mtu mmoja alitengeneza mayai ya siki nyumbani, akayatoboa kwa vijiti vya meno na kuyaacha nje ya friji, mara nyingine juani. Alipoyala alipatwa na sumu ya bakteria hao, akalazwa hospitalini akiwa hawezi kupumua mwenyewe. Kule kutoboa kuliweza kuingiza vijidudu hadi kwenye kiini, mahali ambapo siki huchelewa kufika.

Kwa hiyo mayai yetu ni ya friji tangu mwanzo. Tunayachemsha mpaka yaive kabisa, tunayatia maji baridi, tunayamenya bila kuyachubua. Yaliyokaa siku kadhaa tangu kutagwa humenyeka vizuri kuliko yaliyotagwa leo. Chupa huchemshwa. Siki ya asilimia 5 inatokota na chumvi, sukari kidogo, vitunguu, pilipili na bizari, kisha inamiminwa ikiwa moto hadi mayai yafunikwe. Madogo yanataka wiki 1 au 2 ndani ya friji, makubwa hadi wiki 4. Ukilikata yai, utaona manjano ya bizari yameingia pembeni na weupe umekaza. Ukilila na muhogo wa kuchemsha, ni chakula kamili.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kijana yule amejifunza kungoja, na sasa anauliza habari za ndimu. Fleti yetu bado haina jua la kutosha, lakini dada yangu anakaa Likoni na ana ua mpana. Msimu wa ndimu tunavuka na feri tukiwa na chupa zetu, yeye huzitoa asubuhi na kuziingiza jioni, na malipo yake ni chupa moja anayoichagua mwenyewe.