Shamba Langu Lilifika Ziwani

Mimi ni mkulima wa Mwazye, huku juu Ufipa. Nimeamua kusema haya hadharani kwa sababu makosa niliyoyafanya bado nayaona yakifanyika, na wanaoyafanya ni watu wema wanaotafuta chakula cha watoto wao, kama nilivyokuwa mimi.

Nikiwa kijana niliteremka Kasanga kumfuata baba mdogo, mvuvi wa Ziwa Tanganyika. Huko nilijiunga na vijana waliovuta kokoro. Tulilizungusha kwenye maji mafupi palipoota magugu, kisha tukalivuta ufukweni kwa nyimbo. Lilikuja na kila kitu: magugu, konokono, na vitoto vya samaki visivyozidi kidole. Tulivianika mchangani, tukauza, na kwa fedha hizo nikanunua baiskeli.

Sikujua yale magugu yana kazi gani. Ziwa Tanganyika lina aina nne za samaki wa ukoo wa sangara, mgebuka akiwamo, wasiopatikana ziwa lingine lolote duniani. Baadhi yao wamo katika orodha ya shirika la uhifadhi la IUCN ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wakikua huwinda maji makuu, lakini wakiwa wachanga wengi wao hujificha kandokando, ndani ya magugu. Kokoro langu lilikuwa likiwatoa watoto hao mafichoni.

Nilirudi Mwazye kulima, nikidhani mambo ya samaki nimeyaacha. Nilifyeka matete, nikachoma moto, nikapanda maharage na mboga hadi ukingoni mwa kijito. Miaka miwili nilivuna vizuri. Mwaka wa tatu kingo zikaanza kumeguka, na kila mvua ikaondoka na kipande cha shamba.

Wakati wa mvua mwaka huohuo nilikwenda kumsalimu baba mdogo. Maji ya kandokando ya ziwa yalikuwa mekundu. Akanipeleka kwenye mawe, akapitisha kiganja juu ya jiwe moja, kikatoka na tope.

“Mwanangu,” akasema, “samaki wa mawe hula ule utando wa kijani unaoota hapa. Sasa umefunikwa. Udongo huu si wa huku kwetu. Umeteremka kutoka huko juu kwenu.”

Sikuwa na la kujibu. Rangi ile niliijua. Ndiyo niliyokuwa nikiikwangua kwenye jembe langu kila jioni.

Mito ya Ufipa ina njia mbili. Mingine huteremkia Ziwa Rukwa, mingine Ziwa Tanganyika, ukiwamo mto Kalambo, unaoporomoka zaidi ya mita 200 kabla ya kuingia ziwani. Hakuna kijito chetu kisicho na ziwa linalokipokea, wala tope lisilo na mazalia ya kufukia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Nilizihesabu kwa hatua, nikaona matuta yangu bora yote yamo ndani. Mke wangu aliniuliza tutakula nini, na mwaka ule kweli tulibana. Lakini nilihamia juu, nikachimba makinga maji, nikaacha matete yarudi. Leo mvua ikinyesha, udongo unabaki kwangu.

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Baba mdogo alitundika nyavu zake, akakaa bila kipato. Nilimpelekea gunia la maharage kutoka shamba la juu. Aliyapokea kwa mikono miwili, akamimina machache kiganjani, akasema, “Haya sasa ndiyo mtuletee.”

Ndugu zangu wenye mashamba kijitoni, nawaomba mhesabu hatua zenu. Anayeanza kuhama aniambie. Nitakuja na jembe langu tuchimbe makinga maji pamoja.