Goma: Mbwa anakula tunachokitupa, tumtazame vizuri

Wasikilizaji wengi hunipigia simu juu ya usalama, bei ya makala na hali ya barabara. Lakini kuna habari nyingine ambayo watu huileta wakicheka huku wameziba pua: mbwa amekula nini tena. Nimeambiwa juu ya mbwa aliyemeza soksi, mbwa aliyekula mshumaa siku umeme ulipokatika, na mbwa aliyetoa pampasi ya mtoto kwenye takataka akapita nayo mbele ya wageni waliokuja kuposa. Watu wanacheka, kisha wanatema mate chini.

Mimi nimeishi na mbwa tangu utoto, na naona jambo hili lina uzito kuliko kicheko chake. Anachokula mbwa kinaonyesha namna sisi wenyewe tunavyoishi. Na mara moja moja kinaonyesha kwamba kifo kimeingia kwenye avenue yetu.

Nyumbani kwetu Majengo tulikuwa na mbwa mwekundu ambaye mama alimwita Watasema. Kwetu jina la mbwa ni barua kwa majirani, na kila aliyelisikia alijua limemlenga nani. Watasema alikula fufu iliyoganda kwenye sufuria, vichwa vya sambaza, hata sombe kama ilikuwa na mawese. Hayo ni ya kawaida. Lakini alikula pia mavi ya kuku, kandambili, kamba ya mbuzi, na udongo uliomwagikiwa mafuta. Siku moja alikula kipande kizima cha sabuni ambacho jirani alikuwa amekiweka juu ya jiwe akifua. Jirani alikuja hadi mlangoni: "Mama, imbwa yako imekula sabuni yangu, na hata kunawa haijanawa!" Mama alilipa. Usiku ule Watasema alitapika povu, na asubuhi akarudi kulamba lile jiwe.

Watu walisema mbwa huyu ana laana. Lakini sabuni hiyo inatengenezwa kwa mafuta ya mawese. Wewe unasikia harufu ya usafi, mbwa anasikia harufu ya chakula. Anaishi kwa pua kuliko kwa ulimi. Ulimi wa binadamu una vionja ladha karibu 9,000, wa mbwa una karibu 1,700 tu. Kinachomvuta ni harufu ya mafuta, damu, maziwa au jasho. Ndiyo sababu anachagua soksi iliyovaliwa na kuacha ile iliyofuliwa, na anachagua pampasi kwa sababu mtoto amenyonya maziwa.

Tabia hii ni ya zamani sana. Mbwa alianza kuishi karibu na binadamu zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, na tangu hapo anakula mabaki yetu. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mbwa ana uwezo mkubwa kuliko mbwa mwitu wa kusaga vyakula vya wanga. Kwa hiyo mbwa wetu anaweza kuishi kwa fufu na viazi, kitu ambacho ndugu yake wa porini hangeweza kwa urahisi. Na mbwa jike aliyezaa anakula mavi ya watoto wake wiki za kwanza ili malazi yabaki safi. Tunaloita uchafu, kwake ni kazi ya mama.

Lakini mbwa hawezi kula mavi ya watu kama hakuyafikia. Hapo tunaingia kwenye maisha yetu hapa Goma.

Mji huu uko juu ya jiwe la volkano. Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021 moto ukafika tena ukingoni mwa mji. Aliyewahi kujaribu kuchimba choo kwenye jiwe lile anajua: unapiga nyundo siku nzima na shimo linafika magotini. Vyoo vingi ni vifupi na vinajaa haraka. Katika kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo, familia nyingi zilitumia vyoo vichache vya mbao na bashi, na watoto waliogopa kuviingia usiku. Asubuhi mbwa walipita kati ya vibanda, na kila mtu aliona walichokuwa wanakula.

Nakumbuka mama mmoja wa Rutshuru, huko Bulengo, akimfukuza mbwa wake kwa fimbo na kuona haya mbele yangu. Akasema: "Kwetu ilikuwa nakula viazi na mahindi. Huku sisi wenyewe hatuna mabaki. Unataka ikule nini?" Sikuwa na jibu. Alikuwa ametembea na mbwa yule siku tatu, watoto wawili mbele na mmoja mgongoni. Mbwa ndiye aliyebweka usiku wezi walipokuja kupasua bashi. Asingeweza kumtupa, na asingeweza kumlisha.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi zilipobomolewa, watu waliondoka na magodoro na sufuria kichwani. Mbwa wengine waliwafuata wenyewe wao, wengine walibaki wakizunguka palipokuwa na vibanda, wakilamba mawe ya mafiga.

Kuna neno ambalo wazee hawapendi kulitaja, nami nitalisema mara moja tu. Baada ya vita, mbwa wenye njaa wanaweza kufika hata kwenye miili ya watu. Katika Rwanda jirani, mwaka 1994, mbwa wengi walipigwa risasi kwa sababu hiyo. Mwisho wa Januari 2025, miili ilipolala barabarani hapa Goma, wengi wetu tulifunga mbwa zetu kwa kamba bila kuambizana kwa nini. Ukiona mtu hawezi kabisa kukaa karibu na mbwa, usimcheke. Pengine ana sababu yake.

Sasa tuseme ya afya, kwa sababu ndiyo yanayoua watu kimya kimya.

Mbwa anayekula uchafu anarudi nyumbani na kinywa kile kile. Analamba mikono ya mtoto na sahani iliyoachwa chini. Mbwa wengi wana minyoo, na mayai ya minyoo yao hutoka na mavi, hukaa udongoni wiki chache, kisha huwa tayari kuingia kwa mtu. Mtoto anayecheza chini na kutia vidole kinywani ndiye anayeyapata kwanza. Kuna pia tegu ambaye mbwa humpata akitupiwa maini au mapafu mabichi yenye uvimbe wa maji. Mayai yake yakimfikia mtu, uvimbe kama ule unaweza kukua kwenye ini lake miaka mingi bila kujulikana. Wenye kuchinja mbuzi na kondoo, nawaomba: sehemu mbovu ya mnyama ichomwe au ifukiwe chini sana. Msimtupie mbwa.

Mbwa mwenyewe pia hufa kwa tumbo lake. Gunzi la mahindi likimezwa zima linaweza kuziba utumbo, vilevile kitambaa au kamba. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumu inayoharibu ini, kwa hiyo unga ambao familia imeukataa si zawadi kwa mbwa. Na panya aliyekufa kwa sumu anaweza kumuua mbwa anayemla.

Ila jambo moja lazima litofautishwe na hayo yote. Mbwa mwenye tabia ya uchafu unamjua: amekuwa hivyo siku zote, na anakula uchafu akitingisha mkia. Mbwa wa kuogopa ni yule anayebadilika ghafla na kuanza kuuma vitu visivyo na harufu ya chakula: mawe, vijiti, udongo mkavu, chuma. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kichaa cha mbwa, ambacho wengi hapa tunakiita raje. Dalili nyingine ni mate mengi, sauti iliyobadilika, kushindwa kumeza, na kuuma watu bila kuchokozwa. Wengine hawawi wakali: wanapooza taya na kujificha gizani. Mtu akidhani mfupa umekwama kooni na kuingiza mkono, amejitia hatarini.

Kwenye avenue yetu tulimwona mbwa wa namna hiyo. Alikuwa mpole, anafahamiana na watoto wote. Siku moja alianza kutafuna mawe meusi ya volkano hadi kinywa kikatoka damu. Vijana walikuwa wanacheka na kumpiga picha. Mzee mmoja fundi wa chikudu aliacha kazi yake akasema: "Imbwa yenye inakula mawe haina njaa. Muingize batoto ndani." Watoto walikuwa bado wanaitwa mbwa alipomuuma mmoja mguuni.

Kilichomwokoa mtoto yule ni maji na sabuni. Mzee alituma bidoni iletwe, na kidonda kikaoshwa robo saa nzima, dakika 15, huku mtoto analia na watu wanasema yatosha. Mwingine alileta jiwe jeusi, mwingine pilipili. Mzee alikataa vyote. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo, cha pili hakikuwa nayo, na baba yake alikopa franka kwa majirani ili wapande moto hadi cha tatu, wakaipata jioni. Mtoto alirudi kwa kila sindano aliyopangiwa. Leo anasoma. Mbwa alikufa siku ya tatu.

Ugonjwa huu dalili zake zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikianza mapema, unazuilika. Kutoka kuumwa hadi dalili mara nyingi ni miezi miwili au mitatu, na muda huo ndio unaotudanganya: kidonda kimepona, kazi ni nyingi, pesa hakuna, tunaacha. Kati ya wanaokufa wamo watoto wengi, na mara nyingine hawasemi wameumwa, wanaogopa kupigwa. Wazazi, mtoto akija kusema mbwa amemkwaruza au amemlamba penye kidonda, msimgombeze. Osheni, kisha muende kituo cha afya siku ile ile.

Mbwa akiuma na anaonekana mzima, afungwe atazamwe siku 10, bila mtu kungoja siku hizo ndipo aanze matibabu. Akifa, asichunwe wala kuliwa. Afukiwe chini sana na mtu aliyefunika mikono yake.

Kwa familia zilizorudi vijijini na zilizobaki hapa mjini, najua kusema "mlishe mbwa wako" ni rahisi kwangu. Lakini kuna yasiyohitaji pesa nyingi: kufunika shimo la choo kwa ubao na jiwe, kuchoma pampasi badala ya kuzitupa bondeni, kunawa mikono baada ya kumshika mbwa, na kuuliza chifu wa avenue kama kuna siku ya chanjo ya mbwa. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na ugonjwa huu, na mara nyingine chanjo hutolewa karibu na tarehe hiyo.

Na kama mbwa wa kwenu ameanza kula mawe leo, usingoje kipindi cha kesho. Ingiza watoto ndani kwanza, kisha wajulishe majirani.