Safari ya Kuona Maua ya Njiani

Sisi walimu wa kujitolea tunapanga tena kuwapeleka watoto Mbarara, waone maua ya njiani. Mvua za Machi zikianza, yale mekundu ya duara yanachomoza ardhini, na migunga inavaa njano. Shida ni kwamba mvua hiyohiyo inageuza barabara yetu ya udongo kuwa tope.

Mwaka jana tulingoja ikauke vizuri. Tulipopita Kabingo maua yalishaisha, watoto wakahesabu migomba tu! Mwaka huu tunaondoka siku ya tatu baada ya mvua ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, hata kama tutasukuma gari. Kuna watoto waliozaliwa hapa Nakivale, hawajatoka bado. Basi mchango uwe tayari mapema. Asiyekuwa nao aje atuone, mtoto wake ataenda.