Dar na Nairobi: Mji Upi Una Maghorofa Marefu?

Kama una ndugu Dar es Salaam na wengine Nairobi, kuna swali moja ambalo ukilitupa sebuleni wakati wa likizo, chai itapoa vikombeni: mji upi una maghorofa marefu zaidi? Watu wazima wataacha habari za harusi na ada za shule. Watoto watatoa simu. Baada ya dakika mbili kila upande una picha yake ya ushindi, na kila picha imepigwa jioni, taa zikiwaka, kutoka upande ule mzuri tu.

Ni utani wa majirani na hauna ubaya. Leo tunataniana kwa Kiswahili cha nani ni safi, kesho kwa mpira, keshokutwa kwa maghorofa. Mtoto anayeutetea mji wake walau ameutazama, akajua majina ya majengo na mitaa yake. Ila ubishi wenyewe huhesabu vilele tu. Mzazi mwenzangu, safari hii naomba tuanzie juu kama watoto wanavyotaka, kisha tushuke taratibu mpaka mlangoni na kwenye msingi. Huko chini ndiko familia zetu zinakopita kila siku.

Hesabu za juu

Nairobi huanza na KICC, ule mnara wa duara wenye kofia kichwani. Ulikamilika mwaka 1973, una ghorofa 28 na urefu wa mita 105, na ulichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na Mkenya David Mutiso. Mwaka 2000 Times Tower iliupita kwa mita 140. Baadaye mashindano yakahamia Upper Hill, ng'ambo ya Uhuru Park, kwenye mnara wa UAP Old Mutual wenye ghorofa 33 na ule wa Britam unaofika mita 200 hivi. Westlands nako kumeota Global Trade Centre yenye ghorofa zaidi ya 40.

Dar es Salaam inajibu kwa minara ya PSPF pale mjini na jengo la Mamlaka ya Bandari, TPA, karibu kabisa na maji. Hizo zote mbili zinahesabiwa ghorofa 35, na urefu wake ni mita 150 na ushei.

Hapo ndipo ugomvi unaponoga. Mtoto wa Dar atasema 35 ni zaidi ya 31, kwa hiyo Britam imeshindwa. Mtoto wa Nairobi atasema tunapima kwa mita, si kwa ghorofa. Wa Dar atagundua kwamba sehemu kubwa ya mita za juu za Britam ni mlingoti, naye atauliza: nani analala kwenye mlingoti? Mpwa wangu wa Nairobi alipobanwa hivyo alipata jibu lililonyamazisha nyumba nzima: "Mjomba, sisi tuko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka baharini. Hata kibanda cha mama mboga wetu kimepita hizo ghorofa zenu zote."

Ukitaka kuwanyamazisha wote wawili, wataje Addis Ababa. Wakati sisi tunabishana, Benki ya Biashara ya Ethiopia ilifungua makao yake makuu mwaka 2022, mnara unaopita mita 200 bila maneno mengi. Nairobi nayo ilikuwa na ndoto ya Pinnacle, mnara wa zaidi ya mita 300 uliozinduliwa Upper Hill mwaka 2017. Mradi ulikwama, na mnara wa kwenye mchoro haumkingi mtu jua.

Waonyeshe watoto pia pesa. Noti zote za Kenya za toleo la mwaka 2019 zina picha ya KICC. Noti yetu ya shilingi elfu kumi, upande wa nyuma, ina jengo la Benki Kuu ya Tanzania lenye minara pacha, lililopo Dar es Salaam. Kumbe hata wakubwa waliobuni noti walikuwemo kwenye ubishi huu.

Dar hutazamwa kutoka majini

Mgeni akikuomba umwonyeshe sura ya Dar es Salaam, usimpeleke Posta kumkunja shingo. Mpeleke Feri, mkate tiketi ya pantoni ya Kigamboni. Nauli ya mtembea kwa miguu haifiki hata bei ya soda. Jumapili saa nne asubuhi ni wakati mzuri. Epuka asubuhi na jioni za siku za kazi, maana msongamano wa geti likifunguliwa si wa kuingia na mtoto mdogo. Mshike mkono tangu kwenye foleni, na usimwachie mpaka mfike ng'ambo.

Pantoni likishaachia gati, geukeni mtazame mlikotoka. Kushoto kuna bandari na winchi zake, na mbele yenu mji wote umesimama kama watu waliopangwa kupigwa picha ya harusi. Katikati ya vioo vya maghorofa mapya tafuteni paa jekundu na mnara wa kanisa la Azania Front, na nyuma yake kidogo mnara uliochongoka wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Yote mawili yalijengwa wakati wa Wajerumani, karne ya 19 ikielekea ukingoni. Nahodha aliyeingia bandarini miaka hiyo aliutambua mji kwa minara hiyo. Leo inabidi uitafute, kama unavyomtafuta bibi mfupi kwenye picha ya wajukuu warefu.

Nyuma zaidi ya hapo palikuwa Mzizima, kijiji cha wavuvi, mpaka Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji miaka ya 1860. Mwambie mtoto hivyo mkiwa majini, kisha mwonyeshe ngalawa zinazopita chini ya kivuli cha ghorofa 35. Somo la historia litakuwa limekwisha kabla pantoni halijagonga gati la Kigamboni.

Nairobi hutazamwa kutoka juu

Nairobi haina bahari. Ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli kwenye tambarare yenye maji baridi, na ndiyo maana ya jina lake kwa Kimaasai. Kwa hiyo mji huo hutazamwa kwa njia nyingine mbili.

Ya kwanza ni kupanda KICC yenyewe. Mgeni analipa kiingilio, anapanda lifti, anamalizia kwa ngazi na kutokea juu ya paa kwenye uwanja wa helikopta. Nenda asubuhi kabla mawingu hayajajaa, na ubebe sweta la mtoto, maana upepo wa huko hauulizi umetoka Tanga au Mtwara. Utaona Uhuru Park na minara ya Upper Hill, na upande wa kusini mbuga ya wanyama. Anga likiwa safi kweli, Mlima Kenya huonekana, na zipo asubuhi ambazo Kilimanjaro nao huonekana kwa mbali, mweupe kama sahani. Hapo ndipo mtoto wa Dar anapolipa deni la mama mboga. Kutoka juu ya fahari ya Nairobi, kilele kirefu kuliko vyote unavyoviona kina mita 5,895, na kiko Tanzania.

Njia ya pili ni kuingia Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Humo unampata twiga mbele na maghorofa nyuma yake katika picha moja. Kwa picha hiyo, wa Dar hawana jibu.

Mlangoni

Sasa tushuke. Ukisimama chini ya mnara wowote kati ya hii, muulize mtoto: unadhani nani amelipia? Atataja tajiri mmoja. Mara nyingi si kweli.

Minara ya PSPF ilijengwa na mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ambao mwaka 2018 uliunganishwa na mingine kuwa PSSSF. Maana yake ni kwamba makato ya mwalimu wa Newala na nesi wa Kahama yamo kwenye zege lile. UAP na Britam ni kampuni za bima, na fedha za bima huanzia kwa watu wanaolipa kidogo kidogo ili mambo yakiharibika wasiumbuke. Times Tower ni makao ya wakusanya kodi, na kodi kila mtu anajua inatoka wapi. Kwa hiyo vilele tunavyovitambia kwenye simu vimepandishwa kwa sehemu kubwa na watu ambao hawajawahi kupanda hata ghorofa ya pili.

Niliwahi kumuuliza mlinzi wa jengo moja refu pale Posta kama naweza kuwapandisha watoto dakika kumi tu waione bahari. Alikuwa mtu mpole. "Una miadi na ofisi gani, mzee?" Sikuwa na ofisi. Akanionyesha kwa mkono njia ya kurudi barabarani, na watoto wakatazama juu kupitia vioo vya mlango.

Kwa hili, Nairobi inatupita waziwazi. KICC ni jengo la shughuli nzito, lakini limemwekea mtu wa kawaida njia ya kufika juu kabisa. Dar ina bahari nzuri zaidi ya kutazama na maghorofa ya kutosha ya kuitazamia. Kinachokosekana ni ghorofa moja ya juu yenye kiingilio cha bei nafuu, ambapo mstaafu anaweza kumpeleka mjukuu na kumwambia: hapa mna jasho langu kidogo. Huo ndio ushindani ambao ningependa viongozi wetu wauchukulie kwa uzito kuliko ule wa mita.

Kwenye msingi

Kuna hesabu nyingine ambayo hakuna mji unaoitambia. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 29 Aprili 2016 lilianguka jengo la makazi huko Huruma, Nairobi, na watu takriban 50 wakapoteza maisha, wengi wakiwa majumbani mwao. Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, ambako zaidi ya watu 20 walikufa mchana kweupe, mahali ambapo nusu ya nchi hununua bidhaa zake.

Maghorofa yale hayakuwa yale ya kwenye picha za kutambia. Yalikuwa majengo ya aina tunayopanga, tunayofanyia biashara na tunayowapitisha watoto chini yake kwenda shule. Jengo fupi lenye msingi mbaya ni la hatari kuliko mnara wa mita 200 uliojengwa kwa hesabu.

Mambo machache mzazi anaweza kuyaangalia bila kuwa mhandisi. Kwenye eneo halali la ujenzi hukaa bango lenye majina ya mwenye mradi, mkandarasi na wataalamu wake. Usipoliona, vusha watoto upande wa pili wa barabara. Zege huhesabiwa nguvu yake kamili baada ya siku 28, kwa hiyo ghorofa inayoongezeka kila wiki juu ya nguzo mbichi ni ya kuulizwa. Ukikuta nyufa mpya kwenye nguzo au boriti, milango iliyoanza kukwama bila sababu, au jirani anachimba chini kabisa ya ukuta wenu, toa taarifa serikali ya mtaa siku hiyohiyo na uliza nani amekagua. Mwenye nyumba akikasirika, mwache akasirike.

Likizo ijayo, mtoto wa Nairobi akija Dar mpandishe pantoni, na wa Dar akienda Nairobi mpandishe KICC. Waache wabishane kuhusu mlingoti mpaka wachoke. Kisha wakirudi nyumbani, wape zoezi la mwisho: wahesabu ngazi za jengo mnamoishi, wazizunguke nguzo zake na kuzitazama vizuri. Urefu wake hauna mshindani yeyote mjini, lakini ndilo ghorofa wanalolala chini yake usiku kucha.